Namna ya Kusimulia Habari za Shujaa Asiyeshindwa



Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu insha ya kuandika nyumbani. Kichwa chake kilikuwa neno moja tu, "Shujaa". Siku ya kukusanya nilivuka na madaftari kwa mashua mpaka Mkoani, na usiku ule nikakaa kuyasoma kwa furaha, maana hapana mwalimu asiyependa kuona watoto wake wameandika mengi. Lakini nilipofika daftari la kumi nilianza kusinzia. Shujaa wa kwanza alikuwa akiruka angani. Wa pili risasi hazimwingii. Wa tatu alibeba mlima begani. Wa nne aliwaangusha maadui elfu kwa pumzi moja, kisha akarudi kwao kula. Kila mmoja alimzidi mwenzake kwa nguvu, na kila mmoja nilimsahau mara nilipolifunga daftari lake.

Daftari moja tu liliniondolea usingizi. Habari zake nitazieleza mwisho. Kwanza nataka tuulizane: kwa nini shujaa mwenye nguvu nyingi kupita kiasi huchosha upesi, na wale wachache wasiochosha walisimuliwa vipi?

Kabla ya kwenda mbele yapasa niseme jambo moja. Mwenye uwezo wa kila kitu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Hapa tunamsema mtu wa hadithi, ambaye msimulizi amemkuza mpaka hapana adui wa kumweza.

Sisi Wapemba tuna mchezo wetu wa ng'ombe, na mchezo huo unatosha kutufundisha jambo la kwanza. Watu hutoka vijijini kwa makundi, wakajaa pembezoni mwa uwanja, wengine wakapanda miti. Wanatazama nini? Wanamtazama mtu mmoja na nguo yake mkononi mbele ya ng'ombe mkali, nao hawajui la kutokea. Huenda akamkwepa kwa madaha, huenda akatupwa. Sasa mfunge yule ng'ombe kamba nne asiweze kutikisika, kisha mwite yule mtu acheze. Atacheza vizuri kama kawaida yake, lakini watu watarudi makwao. Hadithi ni hivyo hivyo. Msomaji hukaa kwa sababu moyo wake una wasiwasi. Ukimwambia tangu ukurasa wa kwanza kuwa shujaa hashindwi na kitu, umekwisha mfunga ng'ombe.

Ndiyo maana hadithi za Sungura ni nyepesi kusimulia. Sungura ni mdogo, Simba ana meno, na kila siku Sungura yumo hatarini. Abunuwasi naye ni mtu asiye na cheo mbele ya mfalme. Watoto huwapenda hawa bila ya kufundishwa, kwa kuwa kila mtoto anajua ni nini kuwa mdogo mbele ya mkubwa. Kazi ngumu ni kumfanya msikilizaji ampende Simba.

Wamarekani walikutana na taabu hii. Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa katika kitabu cha picha habari za mtu wao waliyemwita Superman. Wanafunzi wengi hapa wanamjua kwa senema. Mwanzo hakuwa akiruka kama ndege; alikuwa akichupa tu, ingawa mchupo wake ulipita majumba. Baadaye waandishi walimzidishia nguvu mwaka hata mwaka, mpaka akaweza kusukuma sayari. Lakini kila walipomwongezea nguvu walijipunguzia hadithi, maana adui wa jana alikuwa hafai tena leo. Mwaka 1943, katika mchezo wake wa redio, akaingizwa kwenye habari zake mwamba wa kumdhoofisha, uitwao kriptonaiti, nao ni kipande cha ulimwengu ule ule alikozaliwa.

Dawa hii ilisaidia, lakini si dawa ya kutosha. Adui akishalijua jiwe, kila wiki ataleta jiwe, na msomaji naye atachoka na mawe. Dawa iliyo bora zaidi ilionekana katika senema yake ya mwaka 1978. Humo yule mzee aliyemlea kijana huyu shambani anashikwa na moyo ghafula, akaanguka na kufa. Kijana anaweza kuinua gari na kulishinda treni kwa mbio, lakini mbele ya kaburi la mlezi wake nguvu zake zote hazina kazi. Hapo mtazamaji yeyote aliyepata kuzika mtu wake anamtambua kuwa ni mwenziwe.

Basi shika hapo. Nguvu zina mipaka yake hata zikiwa nyingi kiasi gani, na mipaka hiyo si ukuta wala silaha. Haziwezi kumrudisha aliyekufa. Haziwezi kumlazimisha mtu akupende au akuamini. Hadithi ya mtu mwenye nguvu nyingi inaanza pale nguvu zake zinapokwisha.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani sana, na ushahidi wake ni Fumo Liyongo.

Liyongo ni shujaa wa nchi za Pate na mlango wa Mto Tana, na hata leo watu wa upande wa Kipini husimulia kuwa kaburi lake liko huko. Habari zake zilienea pwani nzima. Edward Steere alizisikia Unguja, akazipiga chapa London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na mchoraji wa nakshi, alizitunga katika utendi wenye beti zaidi ya 200. Watu hawasimulii kwa miaka mingi hivyo habari za mtu anayewachosha. Tutazame basi msimulizi alifanya nini.

Kwanza, alitupimia ukubwa wa Liyongo kwa vitu vya nyumbani. Hakusema tu kuwa alikuwa mkubwa. Alisema kuwa Liyongo alipofika safari alitoa katika mkoba wake kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu, na mafiga matatu. Msikilizaji hucheka, lakini wakati huo huo amekwisha kuona. Kila mwanamke aliyewahi kuhama nyumba anajua uzito wa kinu, na kila mtoto anajua mafiga. Mtu anayebeba jiko lake zima mkobani ni mkubwa kweli kweli, lakini pia ni mtu anayeona njaa kama sisi. Wanafunzi wangu waliandika "alibeba mlima". Nani kati yetu amepata kubeba mlima hata ajue uzito wake?

Pili, alimfanya awahitaji wanyonge. Mfalme wa Pate alimwogopa, akamtia gerezani, akafungwa minyororo. Hakuivunja kwa mikono, ingawa tungaliweza kuambiwa hivyo tukakubali. Kila siku kijakazi wa mama yake, jina lake Saada, alimletea chakula, na walinzi wakakinyang'anya kile kizuri wakala wao. Liyongo akatuma salamu kwa maneno ya fumbo: mama amfanyie mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa makapi waliudharau, wakauacha upite. Kisha Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu. Watu wakakusanyika nje kwa ngoma na pembe, na kelele zikafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Hebu tazameni ni nani waliomwokoa. Ni mama mzee jikoni, kijakazi aliyepita mbele ya walinzi na kapu lake, na mkate ambao hapana mtu aliyeutaka. Kama Saada angetetemeka mlangoni siku ile, pasingekuwa na Liyongo wala utendi wake. Sisi tunaosikiliza tunakaa roho juu kwa ajili ya Saada, na kwa njia ya Saada tunampata Liyongo.

Tatu, alimpa akili ya kuishi na hofu. Maadui walimwalika wale makoma pamoja, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake. Nia yao ilikuwa wampige mishale zamu yake itakapofika, akiwa juu. Liyongo hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale, yakawatosha wote. Alikuwa na nguvu za kupigana nao, lakini alikuwa hana rafiki hata mmoja katika karamu ile, naye akijua. Hii ndiyo taabu ya mtu mkubwa: anaogopwa, na aogopwaye hawezi kula kwa raha.

Nne, na hili ndilo kubwa, udhaifu wake aliuweka ndani ya mapenzi. Liyongo hakufa kwa mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Wengi wakisimulia husema kuwa udhaifu wa Liyongo ulikuwa kitovu. Mimi nasema sivyo. Kitovu hakikumdhuru miaka yote, kwa kuwa hapana aliyejua. Udhaifu wake ulikuwa mwanawe. Mfalme alimhadaa yule kijana kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana akamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua, na baba akamwambia. Kisha akamvizia amelala, akamchoma.

Jiwe la Superman laweza kuokotwa na mtu yeyote. Sindano ya Liyongo haikuwa na kazi mpaka iwe mkononi mwa mtoto anayeruhusiwa kukaa karibu na baba aliyelala. Ndiyo maana habari hii huumiza. Hapana mzazi anayesoma hapa ambaye hakumwambia mwanawe siri, na hapana mtoto ambaye hakupata kuahidiwa kitu kizuri na mtu mbaya. Na hapana simulizi niijuayo inayosema kuwa kijana yule alistarehe na alichoahidiwa.

Tano, msimulizi hakumwacha Liyongo afe bila ya gharama kwa watu wengine. Alipochomwa aliamka, akachukua upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti na kutega mshale, akafa katika hali ile ile. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Siku kadhaa hapana aliyethubutu kuteka maji. Mama yake akaletwa ambembeleze mwanawe aache hasira, naye hakujibu, mpaka mwili ukaanguka ndipo watu wakajua. Fikirini mji usio na maji kwa kumwogopa maiti! Mfalme alitaka kumwondoa anayemtisha, akaongeza hofu badala ya kuipunguza. Na yule mama aliyemwokoa kwa mkate, sasa anabembeleza mtoto asiyesikia. Hadithi imeanza kwake na imerudi kwake.

Hapa kwetu Pemba tunaye mwenye nguvu mwingine, Mkama Ndume wa Pujini, ambaye magofu ya ngome yake yako mashariki ya Chake Chake hata leo. Masimulizi yanamweleza kuwa mtawala mkali aliyewabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Mtu kama huyu huogopwa, hapendwi. Lakini tazameni lile watu wanalopenda zaidi kulisimulia wakifika Pujini: kisima. Yasemekana alikuwa na wake wawili wenye wivu, akakigawa kisima kwa ukuta ili wasikutane wakiteka maji, mmoja akishuka kwa ngazi upande wake, mwingine akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu. Mtu aliyeitisha Pemba nzima alishindwa kuwapatanisha watu wawili nyumbani kwake! Mara tunacheka, na mtu wa kutisha akawa jirani tunayemjua. Sikusudii kusema kuwa kisima kinafuta ule udhalimu. Mwandishi mwema huviweka vyote viwili, mawe na kisima, asifiche kimoja.

Iko njia nyingine pia, ya kumpa mwenye uwezo mwenzake wa kawaida. Mzanzibari mwenzetu Muhammed Said Abdulla alitoa mwaka 1960 kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale*, na humo tukamjua Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake. Nguvu za Bwana Msa ni za akili: yeye huona yasiyoonwa na wengine. Tungemfuata peke yake tungechoka, kwa kuwa angekuwa amekwisha jua. Lakini pembeni yuko rafiki yake Najum, ambaye hushangaa kama sisi na kuuliza tunayotaka kuuliza. Tunatembea na Najum huku tukimtazama Bwana Msa. Saada kwa Liyongo na Najum kwa Bwana Msa ni dirisha. Bila ya dirisha jua haliingii nyumbani, ijapokuwa linawaka.

Basi, mwanafunzi utakayeandika habari za mwenye nguvu, jiulize maswali haya kabla hujashika kalamu. Anataka nini ambacho nguvu haziwezi kumpa? Anamhitaji nani aliye dhaifu kuliko yeye? Ni nani anayeweza kumwumiza kwa sababu tu anapendwa naye? Akitumia nguvu zake, nani atalipa? Na ni nani atakayemtazama kwa niaba ya msomaji? Ukipata jawabu la maswali mawili tu kati ya haya, mpe nguvu kadiri upendavyo, hatachosha.

Sasa nirudi kwenye lile daftari.

Mwanafunzi mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliandika habari za usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kuja Pemba. Mamia ya watu walikufa. Hapana kijiji cha kisiwa hiki kisichokumbuka. Katika insha yake shujaa alishuka kutoka mawinguni, akaiinua meli kwa mkono mmoja, akaiweka gatini Wete, na watu wote wakashuka salama na mizigo yao. Insha ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Chini yake, kwa kalamu nyingine, mwanafunzi aliandika swali: "Mwalimu, kama yupo wa hivi katika hadithi, mbona anaokoa siku zote watu wa mbali?"

Sikuweza kutia alama. Mwanafunzi huyu alikuwa mtoto mchanga mwaka ule, na siku ile ilimchukua mtu wake. Kesho yake nilimwita, tukakaa chini ya mwembe. Sikumwambia kuwa insha yake ni mbaya. Nilimwuliza ni nani waliofika kwenye maji siku ile. Akasema, kama alivyosimuliwa nyumbani, ni wavuvi na wenye vyombo. Nikamwuliza, mashua huchukua watu wangapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hujaa, mwalimu."

Nikamwambia aandike kuanzia hapo.

Aliniletea baada ya wiki mbili. Shujaa bado yumo na bado ana nguvu kuliko watu wote, lakini safari hii hawezi kuinua meli, kwa kuwa amefika imekwisha zama. Anawabeba watu mpaka ufukweni, wawili wawili, usiku kucha, bila ya kuchoka. Kulipokucha bibi mmoja aliyekaa mchangani anamshika mkono, anamtajia jina la binti yake, anamwuliza kama amemwona. Shujaa amewabeba watu wengi mno na hakumwuliza hata mmoja jina lake. Anakaa chini karibu na yule bibi. Insha inaishia hapo.

Nilimsomea mwenzangu katika chumba cha walimu, naye alitoka nje bila ya kusema neno. Nimemwomba mwanafunzi ruhusa tuipige chapa, akasema kwanza atamsomea bibi yake. Ikiwa bibi ataridhia, mtaisoma muhula ujao. Asiporidhia, itabaki kwao, na itakuwa imekwisha fanya kazi yake.

Wengine nanyi leteni zenu kwa mhariri kabla ya kufunga skuli. Andikeni kwa wino, upande mmoja wa karatasi.